Tuandike Wosia Tungali Wazima



Kila mwaka mwezi wa Novemba, katika Siku ya Marehemu Wote, husomwa mbele ya madhabahu majina ya wapendwa wetu waliolala. Twayasikia majina, twainamisha vichwa, twawaombea pumziko. Lakini nyuma ya kila jina ipo nyumba. Lipo shamba lenye michungwa na minazi, yupo mama aliyebaki na watoto, na mara nyingi yapo maneno ambayo hayajaisha. Kwa sababu hiyo tumeona yatupasa mwezi huu kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja, yaani wosia, mirathi na ugomvi wa urithi.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mahakama, si ya kanisani. Kitabu chetu cha Sala hakikubaliani nao. Katika utaratibu wa kuwazuru wagonjwa, Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chamwagiza padre amkumbushe mgonjwa ambaye hajapanga mambo ya mali yake aandike wosia, ataje anayodaiwa na anayowadai wengine, ili dhamiri yake itulie na wale atakaowaachia kazi hiyo wapate utulivu. Kisha chaongeza kwamba watu wakumbushwe mara kwa mara kufanya hivyo wakiwa na afya, wasingoje ugonjwa. Basi tunaposema habari hii hatuleti desturi ngeni. Twatimiza wajibu wa zamani ambao umesahauliwa.

Tuitazame Injili. Katika Luka mlango wa 12 twasoma habari za mtu aliyemjia Bwana katikati ya mkutano, akamtaka amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Bwana alikataa. Alimwuliza ni nani aliyemweka yeye awe mgawaji wa mali zao. Ndipo akawaonya wote juu ya choyo, akawasimulia habari za tajiri aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi, akatakiwa roho yake usiku ule ule. Angalieni jinsi Mungu alivyomwuliza tajiri yule: vitu alivyojiwekea vitakuwa vya nani? Hilo ndilo swali la mirathi, na tajiri hakuwa na jibu. Alipima ghala zake, lakini hakufikiri nani atashika funguo.

Wengine wamelichukua jibu lile la Bwana wakanawa nalo mikono. Husema, "Hata Yesu hakutaka kuingia katika habari za urithi." Lakini Bwana huyo huyo, katika Marko mlango wa 12, aliwakemea vikali waandishi wenye sala ndefu wanaokula nyumba za wajane. Na siku ya kufa kwake, akiwa juu ya msalaba, alimwona mama yake amesimama, akamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Na tangu saa ile mwanafunzi yule alimchukua nyumbani kwake. Bwana hakuwa na shamba wala nyumba. Hata kanzu yake ilikuwa imekwisha kupigiwa kura na askari. Lakini hakumwacha mama yake bila mahali pa kulala. Basi, alikataa kugawa mali ya nyumba ya watu wengine, ila hakuacha kutengeneza mambo ya nyumba yake mwenyewe. Fundisho letu la mwezi huu ni hilo: kuandika wosia ni tendo la upendo, na kila Mkristo mwenye watu wanaomtegemea adaiwa tendo hilo.

Uchuro au utii?

Twajua kwa nini wengi wetu hatuandiki. Husemwa kwamba kuandika wosia ni uchuro, ni kujiitia kifo. Mama akimwuliza mumewe hati ya shamba iko wapi, huulizwa kwa ukali, "Wataka nife?" Kijana akitaja jambo hilo mbele ya baba yake, huonekana ana tamaa ya mali. Basi wote hunyamaza, na kunyamaza huko huitwa heshima.

Lakini sisi tuliobatizwa tulizikwa pamoja na Kristo katika maji yale. Kila Jumatano ya Majivu twapakwa majivu kwenye paji la uso, twaambiwa sisi ni mavumbi. Mkristo anayeogopa karatasi yenye neno "nikifa" amesahau ubatizo wake. Nabii Isaya alipotumwa kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa, alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia alilia, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Neno la kutengeneza nyumba halikumwua.

Tena twajua yanayotokea mahali pasipo na neno la marehemu. Siku ya maziko wote ni ndugu. Wimbo ni mmoja na machozi ni mamoja. Siku ya kuanua tanga, mashauri huanza. Shemeji auliza funguo za duka. Wifi aingia chumbani kuhesabu vitenge na vyombo. Kadi ya benki ya marehemu haionekani, na simu yake yenye fedha imekwisha kuchukuliwa na mtu wa kwanza kufika. Hutokea mtu mwenye karatasi akidai kwamba marehemu alikopa kwake, wala hakuna anayejua kama ni kweli. Hutokea mama mwingine na mtoto ambaye watu wa nyumbani hawakumjua. Mjane amekaa sakafuni, hajala, naye ndiye anayeulizwa maswali kama mshitakiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ikipotea hivyo, hupotea pamoja na undugu, na hupotea pamoja na karo ya watoto.

Si haki kuwalaumu mashemeji peke yao. Choyo chao ni dhambi, nasi tutaisema. Lakini baba aliyekuwa na miaka ishirini ya kuandika ukurasa mmoja, asiandike, naye aliuacha mlango wazi.

Mahakama huuliza tuliishije

Watu wengi hudhani kwamba Mkristo akifa, mali yake hugawanywa moja kwa moja kwa namna ya Kikristo kwa sababu ana cheti cha ubatizo. Sivyo ilivyo. Huku Tanzania Bara, mtu asipoacha wosia, mahakama hutazama mwenendo wa maisha yake na nia yake: je, aliishi kwa kufuata mila za kabila lake, au alikuwa ameziacha? Ndugu, hilo ni swali ambalo lingefaa kuulizwa mimbarani! Hakimu huuliza marehemu aliishije, na jibu lake ndilo linaloamua sehemu ya mjane.

Tazameni tofauti yake. Kanuni za mirathi za kimila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, ziliweka sehemu kubwa kwa mwana wa kwanza wa kiume, kisha wana wengine wa kiume, na mabinti wakawa wa mwisho. Mjane hakupewa sehemu ikiwa marehemu ana ndugu wa ukoo wake. Sehemu yake ilihesabiwa kuwa ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Lakini ikionekana kwamba marehemu aliziacha mila, mahakama zetu zimetumia sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa hapa wakati wa ukoloni. Kwa sheria hiyo mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, na theluthi mbili ni za watoto, wa kike na wa kiume sawasawa. Mtu ni yule yule, nyumba ni ile ile na mjane ni yule yule. Lakini kwa njia moja anabaki na theluthi, na kwa nyingine anabaki na ahadi ya kutunzwa. Mwenye kuandika wosia hawaachii watoto wake mashindano hayo.

Jambo la mabinti si jipya kwa watu wa Mungu. Katika Hesabu mlango wa 27 twasoma habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani, hakuwa na mwana wa kiume. Walisimama mbele ya Musa na wazee wote, mlangoni pa hema ya kukutania, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa sababu hiyo. Musa hakuwafukuza. Aliipeleka haja yao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba mabinti wale wamenena haki, wapewe urithi.

Hata katika nchi yetu alisimama mama mmoja namna hiyo. Huko Kagera, Bibi Holaria Pastory aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Alipokuwa mzee, hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamshitaki, akisema kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi mpwa. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba mila hiyo ya kuwabagua wanawake ni kinyume cha Katiba, na mauzo yale yakasimama. Wengi hukumbuka hukumu ya jaji. Sisi twapenda mkumbuke pia baba yake yule mama. Kama asingeandika jina la binti yake, shamba lile lisingemfikia, wala lisingekuwapo la kumsaidia katika uzee wake.

Tena msidhani kwamba kila neno huweza kuponywa na mahakama baadaye. Wajane wawili wa Tanzania waliotolewa katika nyumba zao na ndugu wa waume zao walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila ile ni ya ubaguzi, lakini haikuifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliiondoa rufani yao kwa kasoro ya hati. Ndipo jambo likafika kwa kamati ya Umoja wa Mataifa, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba haki zao zilivunjwa. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua. Kesi ni dawa ichelewayo. Wosia ni kinga.

Jinsi ya kuandika

Nabii Yeremia, katika mlango wa 32, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha. Soma jinsi alivyofanya. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, akapima fedha katika mizani. Hati zilikuwa mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi. Akamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Haya aliyafanya Yerusalemu ukiwa umezingirwa na adui, naye mwenyewe akiwa kifungoni. Imani yake haikumzuia kutafuta mashahidi, bali imani ndiyo iliyomfanya awatafute.

Nasi tufanye hivyo hivyo. Mwenye kuandika wosia awe na akili timamu, asilazimishwe na mtu. Aandike kwa wino au apige chapa, aweke tarehe, atie sahihi yake au alama ya kidole gumba. Ataje mke na watoto wake wote kwa majina. Twasema wote. Kama yupo mtoto aliyezaliwa nje, asiache aje kujulikana siku ya maziko. Kumtaja kwatia aibu, lakini aibu ya baba aliye hai ni ndogo kuliko aibu anayomwachia mtoto kaburini. Ataje mali na mahali ilipo: hati za shamba na nyumba, akaunti ya benki, mifugo, hisa za chama cha ushirika, fedha zilizo kwenye simu. Ataje madeni, kwa kuwa hulipwa kabla ya kugawa. Amtaje mtu atakayesimamia wosia, amwombe kwanza ruhusa yake. Tena asigawe kisicho chake. Alicho nacho mke kwa jina lake ni cha mke; Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mwanamke aliyeolewa haki ya kuwa na mali yake mwenyewe.

Mashahidi ni jambo kubwa. Kwa kanuni zile za mwaka 1963, mashahidi wa wosia ulioandikwa sharti wajue kusoma na kuandika. Mwenye wosia akijua kusoma, wasipungue wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asipojua kusoma, wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Sheria ile ya mwaka 1865 nayo yataka mashahidi wawili au zaidi, na shahidi aliyegawiwa kitu katika wosia hukikosa kitu hicho. Kwa hiyo chagua mashahidi wasiogawiwa kitu, wenye afya, na wasioweza kununuliwa.

Ukiisha kuandika, usiufiche wosia chini ya godoro. Wakala wa Serikali uitwao RITA, unaoshughulika na vyeti vya vizazi na vifo, pia husaidia kuandika wosia na kuuhifadhi. Waweza pia kuuweka kwa mwanasheria au benki. Mweleze mtu mmoja mwaminifu mahali ulipo. Na hali ikibadilika, mtoto akizaliwa au shamba likiuzwa, andika mwingine, wala usitegemee maneno ya mdomo kuufuta ule wa zamani.

Pasipo na wosia

Ikiwa ndugu yetu amekwisha kulala na hakuacha neno, bado iko njia ya haki. Kwanza mtafute cheti cha kifo. Kisha ukoo hukutana kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na mhtasari wa kikao hicho hupelekwa mahakamani. Mjane na watoto waliofikia umri wanayo haki ya kuwapo na kusema. Kikao kilichofanyika nyuma yao si kikao. Msimamizi aliyependekezwa hupeleka maombi. Katika mahakama ya mwanzo hutumia Fomu Namba 1, mahali marehemu alipokuwa na makao yake. Baadhi ya mirathi huenda mahakama ya wilaya au Mahakama Kuu, kwa kutegemea sheria itakayotumika na mali iliyopo. Hapo ni vema kuuliza kabla ya kulipa nauli na ada mahali pasipo penyewe. Mahakama hutoa tangazo, na mwenye pingamizi husikilizwa.

Tuseme wazi: msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu, wala mali haiwi yake. Kiswahili chetu chatusaidia hapa. Mtu anayetutetea mahakamani twamwita wakili, na katika Biblia yetu mtumishi aliyekabidhiwa nyumba ya bwana wake huitwa wakili vilevile. Paulo atufundisha kwamba linalotakiwa kwa wakili ni uaminifu. Kazi ya msimamizi ni tatu: kukusanya mali, kulipa madeni, na kuwagawia wenye haki. Katika mahakama ya mwanzo yampasa, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, kupeleka Fomu Namba 5 yenye orodha ya mali yote na madeni yote, na baadaye kutoa hesabu katika Fomu Namba 6. Asiyefanya hivyo aweza kuitwa na hakimu, na aweza kuondolewa. Mjane anayemwogopa shemeji yake na ajue kwamba shemeji naye ana wa kumtolea hesabu duniani, kabla hajafika kwa yule wa mbinguni.

Na mjane ajue haya pia. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kukaa anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye, hata kama mila yasema vingine. Hakuna mtu mwenye haki ya kumrithi pamoja na vyombo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto na wenye ulemavu haki ya ardhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki kutoka katika mali ya mzazi wake. Na asiogope kwamba hatasikia lugha: tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa kuwasaidia bure wasio na uwezo. Inawatambua wasaidizi wa kisheria walioko wilayani na vijijini. Hawa hawasimami mahakamani kwa niaba ya mtu, wala hawana ruhusa ya kudai malipo, lakini hueleza njia, husaidia kuandika, na huonyesha pa kwenda. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Anayedai fedha kwa ahadi ya kuharakisha mirathi, mwulizeni kwanza yeye ni nani na stakabadhi yake iko wapi.

Wazee wa mji wa Nabothi

Sasa tuseme na wazee wetu wa kanisa, makatekista na viongozi wote. Ugomvi wa urithi ukiingia mahakamani, hutafutwa barua. Huletwa karatasi ya kusema kwamba ukoo ulikutana, wakati haukukutana. Huombwa barua ya kusema kwamba mama fulani hakufunga ndoa, wakati jina lake limo katika daftari letu la ndoa. Mleta barua ni mtu tunayemjua, pengine ni mtoaji mkubwa katika mavuno.

Kumbukeni 1 Wafalme mlango wa 21. Twamlaumu Ahabu aliyelitamani shamba la mizabibu la Nabothi, urithi wa baba zake. Twamlaumu Yezebeli aliyeandika barua na kuzitia muhuri wa mfalme. Lakini barua zile zilikwenda kwa nani? Zilikwenda kwa wazee na watu wakubwa wa mji, majirani zake Nabothi, nao walifanya kama zilivyosema. Walitangaza mfungo, wakamweka Nabothi mbele ya watu, wakaleta mashahidi wawili wa uongo, naye akauawa kwa mawe. Kama wazee wale wangekataa kutii barua moja tu, Nabothi angekula zabibu zake.

Kwa hiyo twawasihi, asiwepo mzee wa kanisa atakayetia sahihi karatasi ya mirathi asiyoisoma, au ya kikao asichohudhuria. Madaftari yetu ya ubatizo, ndoa na maziko yatunzwe vizuri, na mwenye haki akihitaji cheti apewe bila kuzungushwa. Mjane akitakiwa kwenda mahakamani, asiende peke yake. Umoja wa kina mama umtoe mwenzao wa kumsindikiza, akae naye kwenye benchi, amshikie mtoto. Na mwenye kumfukuza mjane nyumbani kwake asije kupokea Ushirika Mtakatifu Jumapili kana kwamba hakuna neno. Na aende kwanza akapatane.

Hatusemi kwamba ndugu wa mume ni adui. Mara nyingi baba mdogo ndiye aliyewasomesha watoto wa marehemu kwa jasho lake, na shangazi ndiye aliyewalea. Wosia mzuri huwasaidia nao, maana huwaondolea shaka na masengenyo. Ndugu anayetaka haki haogopi karatasi.

Basi, wapendwa, Majilio yakaribia. Tutaanza tena kujitayarisha kwa kuja kwake Bwana, na kila nyumba itaulizwa ikoje. Kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, baba na mama wakae pamoja jioni moja, watoto wakiisha kulala. Wachukue daftari, waandike nini kipo, nini kinadaiwa, na nani anategemea nini. Huo si wosia bado, lakini ndio mwanzo wake. Wiki inayofuata watafute mashahidi.

Urithi wetu mkuu uko mbinguni, hauhitaji msimamizi wala fomu, na hakuna shemeji atakayeubeba. Anayeungojea huo hawezi kuudharau mkate wa watoto wake. Alivyofanya Bwana juu ya msalaba, akiwa katika maumivu yote, akamwekea mama yake mahali pa kukaa, nasi tulio wazima na wenye nguvu tuna udhuru gani?

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, utufundishe kuhesabu vema tulivyo navyo kuwa ni vyako. Uwape walio wazima moyo wa kutengeneza nyumba zao. Uwatulize waliofiwa, uwatie uaminifu wasimamizi, uwape mahakimu macho ya haki, na viongozi wa Kanisa lako ujasiri wa kukataa uongo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.